Uoni hafifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Ukurasa huu ni wa mtu anayeona lakini haoni vya kutosha, pamoja na ndugu anaoishi nao. Maswali yametoka kwenye mabenchi ya kliniki, vikao vya familia na simu za jioni. Mimi ninayejibu si daktari. Ninaishi na hali hiyo. Katikati ya macho yangu yote mawili pana doa lisiloondoka, pembeni naona. Ukizungumza nami utadhani naliangalia sikio lako, kumbe ndivyo ninavyoiona sura yako.

Uoni hafifu ndiyo nini? Ni upofu?

Siyo upofu. Wala siyo ile hali ya kuona ukungu inayokwisha ukivaa miwani. Ni pale ambapo kilichotibika kimeshatibiwa, miwani inayokufaa umeshapewa, na bado huwezi kusoma gazeti, kumtambua mtu ng'ambo ya barabara, au kushuka ngazi bila kupapasa kwa mguu.

Wataalamu hupima kwa chati, mara nyingi ile yenye herufi E zilizogeuzwageuzwa. Wakiandika 6/18, maana yake herufi unayoiona wewe ukiwa mita 6, mwenye macho mazima angeiona akiwa mita 18. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, jicho lako lenye nafuu likiwa chini ya 6/18 hata ukiwa na miwani, uko kwenye uoni hafifu. Likishuka chini ya 3/60, kwenye makaratasi unahesabiwa kipofu, ingawa wengi wa wanaohesabiwa hivyo bado wanaona mwanga, vivuli au rangi. Upana wa kuona nao unapimwa. Yupo anayesoma mstari wa chini kabisa wa chati lakini anaona kama anachungulia tundu la ufunguo, hana pembeni, na anajigonga kwenye kila bodaboda iliyoegeshwa njiani.

Kwa hiyo swali la "unaona au huoni?" halina jibu la neno moja, na hapo ndipo ugomvi wetu na watu unapoanzia. Kondakta mmoja alinituhumu kwamba naigiza, kwa sababu nilipanda daladala mwenyewe, bila kushikwa mkono, halafu nikamwuliza gari linakwenda wapi.

Si ninunue tu miwani pale stendi?

Kama umevuka miaka 40, unaona mbali vizuri, na kinachokusumbua ni maandishi ya karibu, miwani ya kusomea ya bei nafuu haitakudhuru. Macho ya karibu kila mtu hufika huko. Ubaya wake ni kwamba inampa mtu sababu ya kutokwenda kupimwa. Glaukoma, ambayo wengi wanaiita presha ya macho, huanza kula pembeni polepole, bila maumivu, wakati katikati bado panasoma vizuri. Mtu anabadilisha miwani ya barabarani mara ya pili, mara ya tatu, huku mshipa wa fahamu wa jicho unakufa, na ukishakufa haurudi. Pima kwanza, miwani baadaye.

Inasababishwa na nini?

Mambo mengi, na kwa kanda yetu mengine yana sura ya kwetu. Mtoto wa jicho na glaukoma vipo kila mahali. Kisukari kinaharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mwenye kisukari anatakiwa kuangaliwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kila mwaka hata kama anaona vizuri, maana akianza kuona madoa mara nyingi amechelewa. Kwenye wilaya za wafugaji kama Longido, Monduli na Ngorongoro ipo trakoma: maambukizi ya mara kwa mara yanakunja ukope kwa ndani, kope zinakwaruza kioo cha jicho mpaka kinapata kovu. Mtu anazing'oa kope kwa kibano miaka nenda rudi, wakati upasuaji mdogo wa ukope ungezigeuza zitazame nje. Wapo wenye ualbino, ambao macho yao huzaliwa na uoni pungufu. Yapo magonjwa ya kurithi ya retina, ambayo dalili yake ya kwanza huwa ni mtoto asiyeona gizani wakati wenzake wanaona.

Kuna moja linanikera. Watoto wengi hapa wana mzio wa macho: yanawasha, wanayafikicha mchana kutwa, weupe unageuka rangi ya udongo. Mzazi anakwenda duka la dawa, anapewa matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mzio, mtoto anapata nafuu siku hiyo hiyo. Basi kila yakiwasha, matone yale yale, miezi na miezi bila mtu kumpima. Steroidi ikitumika hivyo inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto wa darasa la nne. Mzio wenyewe ungepungua kadiri anavyokua. Matone hayo yana kazi yake, lakini chini ya usimamizi wa daktari wa macho na kwa muda aliousema yeye.

Bibi yetu yuko kijijini, anasema "macho yamezeeka". Tumwache?

Hapana. Uzee siyo ugonjwa wa macho. Chini ya neno hilo panaweza kuwa na mtoto wa jicho, ambaye anaondolewa, au glaukoma, ambayo inazuiwa isiendelee, au uharibifu wa katikati ya retina, ambao unahitaji vifaa na mazoea mapya. Ni njia tatu tofauti kabisa, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa kumwangalia bibi akiwa amekaa kwenye kiti chake uani.

Tunaporudi nyumbani Desemba ndipo wengi tunagundua. Bibi anamimina chai inapita nje ya kikombe. Anasubiri useme kwanza ndipo akuite jina. Hatoki tena jua likizama. Mboga ina mawe, na yeye alikuwa hodari wa kuchambua. Akiulizwa anasema haoni haja ya kusumbua watu. Ukiona hayo, mshushe mjini kabla hujarudi ulikotoka, na usisubiri wiki ya Krismasi yenyewe.

Kama ni mtoto wa jicho: lenzi ya ndani ya jicho imekuwa na ukungu. Hakuna matone, asali wala majani yanayousafisha. Anachomwa ganzi, lenzi chafu inatolewa, ya bandia inawekwa. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hauchukui hata saa moja. Hofu kubwa ya wazee ni kwamba jicho linang'olewa na kuwekwa mezani. Halitolewi. Mtafute jirani aliyefanyiwa aje aongee naye; anashawishi kuliko sisi wajukuu wote kwa pamoja. Na kama tatizo ni fedha, hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea wana msamaha wa kuchangia matibabu. Muulizieni afisa huyo mapema, siyo mkishafika dirisha la malipo.

Dalili kwa mtoto ni zipi?

Analeta kitu puani ili akione. Anasogea mpaka kwenye televisheni. Anainamisha kichwa upande, macho yanachezacheza, anakwepa mwanga, anaanguka kwenye ngazi anayoipita kila siku. Shuleni ananakili daftari la jirani badala ya ubao na anaambiwa mvivu.

Moja halisubiri. Mboni ikionekana nyeupe, au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi jicho moja likang'aa weupe, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, na hapo kuchelewa kunagharimu uhai, siyo jicho tu.

Twende wapi hapa Moshi na Arusha?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, upate barua ya rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa ni Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha. Juu yake kwa kanda yote ya kaskazini ipo KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara kubwa ya macho ambayo pia inasomesha madaktari bingwa wa macho na wataalamu wa optometria.

Mjue nani ni nani, mtapunguza kuzungushwa. Daktari bingwa wa macho anatibu na kupasua. Mtaalamu wa optometria anapima nguvu za macho na ndiye anayechagua miwani na lenzi za kukuzia. Wengi wanamalizana na wa kwanza, wanaambiwa "hapa tumefika mwisho", wanakwenda nyumbani kulia. Mwisho wa dawa ndio mwanzo wa kazi ya yule wa pili. Kwa hiyo ukiambiwa hakuna dawa tena, usiondoke kwenye kiti, uliza hivi: "Nionwe na nani kwa ajili ya huduma za uoni hafifu?"

Kuna vifaa gani?

Kipo cha bure kwanza: kusogea. Ukisogeza karatasi nusu ya umbali, herufi inaonekana kubwa maradufu. Taa nayo, balbu ikiwa karibu nusu ya ilivyokuwa, mwanga unaofika kwenye ukurasa unakuwa kama mara nne. Taa ikae nyuma ya bega au pembeni, isikutazame usoni.

Halafu zinakuja lenzi. Kuna ya mkononi, kuna inayosimama juu ya karatasi kwa miguu yake (nzuri kwa wazee wanaotetemeka), kuna miwani yenye nguvu kubwa inayokutaka usome kwa umbali wa kiganja. Ipo darubini ndogo ya kushika mkononi kwa ajili ya ubao wa shule au kibao cha daladala. Zipo pia mashine zenye kamera zinazotupa maandishi makubwa kwenye kioo, lakini bei yake ni ya ofisi, siyo ya mtu mmoja.

Usinunue lenzi kwa sababu ilimfaa mwenzako. Ukuzaji mkubwa unameza upana. Aliyebaki na tundu dogo katikati akipewa lenzi kali anaona herufi moja moja na kuchanganyikiwa. Jaribu mbele ya mtaalamu, ukiwa na kitu unachotaka kukisoma kweli: Biblia yako, msahafu, daftari la kikundi cha kukopeshana.

Na kipo kifaa ambacho huna haja ya kukinunua: kipande cha boksi jeusi kilichokatwa mfereji mwembamba wa urefu wa mstari. Kiweke juu ya ukurasa, unasoma mstari mmoja, weupe wa karatasi haukuchomi, na hupotei. Natumia hicho kila siku.

Nyumbani tubadilishe nini?

Rangi zipingane. Hilo tu ukilishika umemaliza nusu ya kazi. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe haupo. Weka kwenye sahani ya bluu, unaonekana. Chai ya rangi kwenye kikombe cheupe kwa ndani inaonekana inavyopanda. Kwenye kikombe cha kahawia ni kubahatisha. Maziwa ni kinyume chake. Mtori kwenye bakuli la kijani, sawa. Kitunguu kikatwe juu ya kibao cheusi, nyanya juu ya cheupe.

Pakeni ukingo wa kila ngazi rangi nyeupe au ya njano, upana wa vidole vitatu. Swichi ya taa izungushieni utepe wa rangi. Chumvi na sukari zikae kwenye makopo ya maumbo tofauti, siyo ya rangi tofauti tu, maana umeme ukikatika rangi zote ni moja. Kwenye jiko la gesi, chora alama nene pale kitufe kinapozima, na mwenye kupika asisimame na mikono mirefu ya nguo au kanga inayoning'inia juu ya moto.

Kubwa kuliko yote ni hili: kitu kisihamishwe. Stuli ikikaa leo hapa na kesho mlangoni, mtu atavunja mguu nyumbani kwake mwenyewe. Milango iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Mlango wa nusu unagonga paji la uso, na mwenye jicho bovu hauoni kwa sababu ule ukingo mwembamba hauna rangi ya kujitofautisha. Wageni wakija na watoto, watangazieni mapema.

Msimfanyie kila kitu. Mama aliyepika miaka 50 akinyang'anywa mwiko kwa huruma, anazeeka ndani ya mwezi mmoja. Mpangieni jiko, mwacheni apike.

Fedha nazitambuaje bila kuibiwa?

Noti zetu zinatofautiana urefu: kadiri thamani inavyopanda, noti inakuwa ndefu. Zipange kwenye vidole ukiwa umetulia nyumbani, utazijua. Rangi zinasaidia mchana: elfu moja ya bluu, elfu tano ya zambarau, na elfu kumi, yaani Msimbazi, wekundu wake. Jioni kwenye taa ya njano ya genge, wekundu na kahawia ya elfu mbili vinakaribiana, na hapo ndipo watu wanalizwa.

Kwa hiyo kunja. Mimi elfu moja naiacha wazi, elfu mbili naikunja mara moja kwa upana, elfu tano mara mbili, elfu kumi naikunja kwa urefu na inakaa mfuko wake peke yake. Nikifika Mbuyuni kununua ndizi, sifungui pochi mbele ya watu. Mkono unaingia mfukoni na kutoka na noti ninayoijua. Chenji naipokea nikiitaja kwa sauti: "Nimekupa elfu kumi, unanirudishia elfu sita." Ukisema hivyo na mama wa pembeni anasikia, hesabu hukaa sawa yenyewe.

Kwenye simu za miamala shida ni menyu: inakatika kabla hujamaliza kusoma. Njia rahisi ni kukariri mpangilio wa namba za muamala unaoufanya sana. Namba ya siri usimpe wakala, wala mtoto wa jirani "mzuri". Kama huwezi kuiingiza mwenyewe, ni heri ukaifanye nyumbani na mtu mmoja wa kudumu unayemwamini, kuliko na watu kumi wa bahati.

Simu yangu inaweza kunisaidia zaidi ya hapo?

Sana, na watu wengi wanayo mfukoni bila kujua. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu. Utakuta kuongeza ukubwa wa maandishi, kukuza kioo, kugeuza rangi iwe maandishi meupe kwenye weusi, na kwenye Android programu ya TalkBack inayosoma kila unachogusa. Inasoma na Kiswahili. Lafudhi yake ni ya mtu asiyekula ndizi, lakini utaizoea. Iwashe ukiwa na mtu wa kukuonyesha siku ya kwanza, maana namna ya kugusa kioo inabadilika: mguso mmoja unasoma, miguso miwili ndiyo inafungua. Wengi wanaogopa hapo na kusema simu imeharibika.

Kamera nayo ni lenzi. Piga picha ya karatasi ya dawa, ikuze kwa vidole viwili. Anayetumia kitochi hajaachwa nje: vitufe vyake vikubwa vinapapasika, na kwa kupiga na kupokea kinaishinda simu janja.

Watu wanasema ninaringa kwa sababu siwasalimii. Nifanyeje?

Hili linaumiza kuliko ngazi. Kwetu kijana akimpita mzee bila shikamoo, habari inafika kwa mama yake kabla yeye hajafika. Na ukiwa unaona njia vizuri, nani ataamini kwamba huoni sura?

Salimia kwanza, usisubiri kutambua. Umbo la mtu mzima likikukaribia, toa shikamoo. Siku nyingine utampa mtu wa rika lako, atacheka, mtapeana mikono, imekwisha. Halafu waambie watu, siyo kwa kuomba radhi: "Macho yangu hayashiki sura, ukiniona niite." Waambie mara moja kanisani au msikitini, mara moja kwenye mkutano wa mtaa, taarifa itatembea yenyewe.

Kwa ninyi mnaotusalimia: tajeni majina. "Shikamoo mama, ni Neema wa kwa Shirima" inatosha. Na ule mchezo wa kumshika mtu bega, kubadilisha sauti na kusema "Nitaje, mimi nani?" uacheni. Nimeuchoka. Ukiondoka, sema unaondoka, tusibaki tunaongea na ukuta.

Mama haoni vizuri, sasa anasema anaona watoto wamekaa chumbani ambao hawapo. Amechanganyikiwa? Ni majini?

Mara nyingi siyo wazimu wala siyo majini. Macho yakipungua, ubongo unaokosa picha unaanza kutengeneza za kwake: watu wadogo, maua, kuta zenye nakshi, wanyama. Inaitwa hali ya Charles Bonnet, kwa jina la Mswisi aliyeiandika mwaka 1760 baada ya kuiona kwa babu yake, mzee mwenye akili timamu aliyepungukiwa macho. Alama zake ni hizi: picha hazitoi sauti, hazimsemeshi, na mwenyewe akiulizwa kwa utulivu anajua kwamba hazipo. Kuwasha taa, kupepesa macho, au kugeuza macho kushoto na kulia mara kadhaa mara nyingi huzifuta.

Wazee wengi wanaficha kwa kuogopa kuitwa wachawi au kupelekwa kuombewa. Muulize faragha, mwambie inawapata na wengine. Kama anasikia sauti, amechanganya siku na watu, ana homa, au ameanza dawa mpya, hilo ni jambo jingine. Mpeleke kwa daktari.

Mtoto wangu asome shule gani?

Wengi wanaweza kusoma shule ile ile ya jirani, wakipewa nafasi. Akae mbele, mgongo kwa dirisha. Ubao uwe mweusi kweli, siyo kijivu. Mwalimu asome kwa sauti anachoandika. Kalamu iwe nene, daftari liwe juu ya kibao kilichoinama ili asipinde mgongo. Mwenye mahitaji makubwa zaidi, hapa Moshi ipo Shule ya Msingi Mwereni, inayochanganya watoto wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ualbino na wengine. Kwa Arusha, pale Tengeru kipo Chuo cha Ualimu Patandi kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Mwalimu aliyepita pale mtamjua kwa maswali anayouliza kabla hajampangia mtoto kiti.

Nina neno na walimu wachache: mtoto anayeweza kusoma maandishi makubwa msimkimbizie nukta nundu kwa sababu ndiyo mliyonayo. Asome kwa macho. Kama ugonjwa wake unaendelea kushuka, afundishwe vyote viwili mapema.

Kwenye mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na kuwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hilo linategemea mkuu wa shule kumsajili mtoto kwa hali yake. Mzazi, fuatilia wakati wa usajili. Mwezi wa mtihani ni kuchelewa.

Na wenye ualbino?

Miwani kwao inasaidia kuliko wengi wanavyodhani, hata isipofikisha 6/6, kwa hiyo mtoto apimwe mapema na apimwe tena anavyokua. Kofia ya ukingo mpana ni kwa macho na ngozi pia. Mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun yanatengenezwa hapa hapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC. Kuchezacheza kwa macho yake siyo utundu, asikemewe "tulia".

Fimbo nyeupe ni ya kipofu tu?

Hapana. Kazi yake moja ni kukusomea njia. Ya pili ni kuwaambia wengine. Unaweza kuikunja mchana ukaitoa jioni, au kuishika barabara kubwa tu. Moshi ni mji wa kutembelea kwa miguu, lakini mitaro yake haina huruma, na kivuli cha mti juu ya lami saa tisa mchana kinafanana kabisa na shimo. Wengi wanaona aibu mwaka mzima wa kwanza, wanaitoa baada ya kuanguka. Itoe kabla.

Naweza kuendelea na bodaboda?

Kama upana wa macho yako umepungua au gizani huoni, acha leo. Kujua njia hakumsaidii mtoto aliyetokea pembeni.

Sheria inanipa nini?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakuhusu, hata kama bado unaona. Inakataza kubaguliwa kazini na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kazini usianze na kesi. Anza na ombi dogo lenye jina: kiti mbali na dirisha, maandishi makubwa kwenye kompyuta, taarifa kwa sauti. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mlango wake ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Chama cha Wasioona Tanzania kinapokea wenye uoni hafifu pia, na wenye ualbino wana chama chao.

Nikitumia sana macho yaliyobaki, yataisha haraka?

Hayaishi kwa kusoma. Kusoma karibu, kusoma usiku, kukodoa: vinachosha, haviharibu. Karoti ni chakula kizuri, basi.

Siku ya kliniki nibebe nini?

Miwani yote uliyowahi kupewa, hata iliyovunjika. Chupa za matone unayotumia, siyo majina yake kichwani. Kadi za zamani. Kama ulitiwa dawa ya kienyeji jichoni, sema. Hawatakupiga, na inabadilisha matibabu. Andika kwa herufi nene mambo mawili unayotaka kuweza kuyafanya tena, mfano kusoma ujumbe wa simu na kuchambua mchele, umpe mtaalamu kabla hajaanza kupima. Kama ni glaukoma, njoo na ndugu wa tumbo moja waliovuka miaka 40 wapimwe siku hiyo hiyo. Kula kabla ya kwenda, foleni ni ndefu. Na uwe na mtu wa kurudi naye, kwa sababu matone ya kutanua mboni yatakuachia ukungu kwa saa kadhaa, na jua la mchana pale nje ya geti litakuchoma macho mpaka ufike kwenye gari.